Ukweli Uliochelewa Miezi Mitatu: Uchambuzi wa Kisa cha Mume na Mke wa Kadutu

Kisa hiki ni cha mume na mke wakaao Kadutu, mjini Bukavu, ambao nimewatembelea tangu Novemba 2023 nikiwa mjumbe wa kamati ya wagonjwa ya shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa. Wote wawili wamekubali kiandikwe, nao wamesomewa kila aya. Majina yao nimeyaacha. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi na mtaa mzima humwita Mwalimu, basi nami nitamwita hivyo. Mkewe nitamwita Mama, kama wanashirika wote wamwitavyo. Alikuwa na umri wa miaka 41 ugonjwa ulipojulikana, na riziki ya nyumba yenye watoto watano ilitegemea zaidi sambaza, samaki wadogo alizozinunua alfajiri kutoka kwa wavuvi wa ziwa Kivu na kuziuza sokoni kuliko mshahara wa mumewe. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaueleza ugonjwa wenyewe kwa kadiri unavyohitajika, kwa sababu maombi ya watu hawa hayaeleweki bila kujua ni siku gani ya matibabu yalipoombwa.

Wengi waliosikia habari zao huniuliza walipata wapi saburi. Jibu langu, ambalo nitajaribu kulithibitisha kwa mambo niliyoyaona, ni kwamba hawakuipata katika miezi mitatu ya kwanza waliyoomba kuliko wakati mwingine wowote, na kwamba waliipata katika wiki moja ya Machi 2024, walipoacha kufichana.

Mama aligundua uvimbe katika titi la kushoto mwezi wa Mei 2023, alipokuwa akioga. Ulikuwa mdogo kama punje ya haragi, na haukuuma. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, maana mtu wa kwetu huenda kwa daktari akisumbuliwa na maumivu, na uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Kituo cha afya alikokwenda kwanza kilimwambia ni jipu linaloanza, akapewa vidonge vya kuua vijidudu, akavimeza, akarudi sokoni. Kufikia Oktoba ngozi ya titi ilikuwa imekakamaa na kufanya vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ilikuwa imevutwa ndani. Mtu yeyote wa kazi yetu akiona hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Kipande cha nyama kilichukuliwa kikapimwe, na mwishoni mwa Novemba majibu yalirudi: saratani, ambayo tayari ilikuwa imefika kwenye tezi za kwapa, ingawa vipimo vya mapafu na ini havikuonyesha kitu.

Majibu hayo alipewa Mwalimu peke yake. Daktari alimwita pembeni, akamweleza kwa Kifaransa, kisha akamwambia kwamba yeye mume ataona namna ya kumwambia mkewe. Sitamlaumu daktari huyo kana kwamba alifanya jambo la ajabu, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika katika hospitali nyingi nilizozijua, na mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo nikidhani ni huruma. Mwalimu alirudi nyumbani akamwambia Mama kwamba ni uvimbe mbaya kidogo, ambao dawa za Kigali zitaumaliza. Neno kansere halikutamkwa katika nyumba ile kwa miezi mitatu. Watoto hawakuambiwa, wazazi wa Mama hawakuambiwa, na mimi, niliyekuwa nimeziona karatasi kwa macho yangu, niliingia katika ukimya huo kama wengine. Nilimtazama Mama usoni kila Alhamisi, nikamwambia atapona. Hilo ndilo jambo ninalolijutia zaidi katika kisa hiki.

Matibabu yalianza tarehe 15 Januari 2024. Mpango ulikuwa dozi nane za dawa ya mshipani, moja kila baada ya siku 21, kisha upasuaji, kisha mionzi. Waliuza kiwanja chao kidogo cha Panzi. Safari ilikuwa ya kuvuka daraja la Ruzizi kuingia Rwanda asubuhi mara mpaka unapofunguliwa, kupanda basi Kamembe, na kuupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, mwendo wa karibu saa sita kwa mtu mzima, na kwa mtu anayetapika njia nzima wakati wa kurudi sijui niuhesabuje. Huko Mwalimu ndiye aliyekuwa mkalimani. Mama anajua Mashi na Kiswahili cha Bukavu. Maelezo mengi yalitolewa kwa Kifaransa, na mume aliyatafsiri kwa kuyafupisha. Daktari angezungumza dakika kumi, naye angemwambia mkewe: “Anasema tuendelee, Mama Watoto. Anasema ni vizuri.”

Kila jioni nyumba ilijaa sala. Walifanya novena (sala ya siku tisa) tatu mfululizo, Mwalimu alifunga Jumatano na Ijumaa, na baada ya dozi ya pili, nywele za Mama zilipokwisha kudondoka zote, jirani mmoja alileta watu wa chumba cha maombi kilicho karibu na soko. Kiongozi wao alitangaza kwamba ugonjwa umetumwa na mwanamke anayeuza sambaza meza ya pili kutoka kwa Mama, kwa kijicho, na kwamba zinahitajika siku kumi na mbili za kukesha. Mwanamke huyo, na hili nalijua kwa hakika, ndiye aliyekuwa akiuza bidhaa za Mama pamoja na zake na kuleta pesa kila Jumamosi bila kupunguza hata faranga. Baada ya maneno yale Mama alianza kumwogopa. Kwa maoni yangu dhara kubwa la unabii wa namna hiyo haliko katika kuzuia dawa peke yake; liko katika kumnyang'anya mgonjwa rafiki wakati ambapo kila rafiki ana kazi.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kitabibu. Dawa zile huua seli za saratani, lakini pia hupunguza chembe nyeupe za damu, na upungufu huo huwa mkubwa zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dozi. Katika siku hizo homa yoyote inayofika nyuzi 38 ni hatari ya kufa, kwa sababu mwili hauna askari. Nilikuwa nimewaachia kipimajoto na nimemwambia Mwalimu mara tatu: ikifika 38, usingoje kuche.

Usiku wa tarehe 6 Machi, siku ya tisa baada ya dozi ya tatu, kipimo kilionyesha 38.9. Waombezi walikuwa sebuleni. Mwalimu aliwaambia, na kiongozi akajibu kwamba homa ile ni pepo anayetoka, kwamba wakikatiza sasa atarudi na wenzake, na kwamba kumpeleka hospitali ni kumwambia Mungu hatumwamini. Mwalimu amenisimulia kwamba alisimama mlangoni muda ambao hajui ulikuwa mrefu kiasi gani, akiwa ameshika kile kipimajoto, na kwamba kilichomtoa pale ni wazo dogo tu: alikuwa amemwomba Mungu kwa miezi mitatu amwonyeshe la kufanya, na la kufanya lilikuwa limeandikwa kwa tarakimu mkononi mwake. Aliwaambia: “Ninyi ombeni, sisi tunakwenda.” Alimfunga Mama mgongoni kwake kwa kitenge juu ya pikipiki, kama anavyofungwa mtoto, dereva akashuka nao taratibu hadi hospitali. Alipewa dawa za mshipani usiku huo huo, na alilazwa siku tano.

Nimewasikia watu wakikieleza kisa hiki kama mfano wa mtu aliyeacha maombi akachagua hospitali. Hivyo sivyo Mwalimu anavyokielewa, wala mimi. Yeye anasema usiku ule ndipo alipoomba kwa kweli mara ya kwanza, juu ya pikipiki, bila maneno, akisikia joto la mwili wa mkewe mgongoni.

Siku ya tatu wodini, homa ikiwa imeshuka, Mama alimwuliza swali. Kila mmoja wao amenisimulia kwa wakati wake, na maneno yanalingana. Alisema: “Papa, miezi mitatu unamwambia Mungu habari zangu kila jioni, na mimi mwenyewe hujaniambia hata moja. Kati ya Mungu na mimi, nani mgonjwa?”

Mwalimu akamwambia yote. Jina la ugonjwa, tezi za kwapa, yale yaliyojulikana na yale ambayo daktari mwenyewe hakuweza kuyaahidi. Mama alilia muda mrefu, kisha akauliza habari za karo ya mtoto wa pili, kisha akataja deni la ndoo mbili za sambaza analodaiwa na mvuvi mmoja, akataka lilipwe wiki hiyo. Halafu akasema kwamba neno hilo alilijua tangu nywele zilipodondoka, ila alinyamaza ili asimuumize mumewe, ambaye alionekana kuchoka sana kwa kulificha.

Walipokwisha kuambizana hayo, waligundua jambo lililowashtua zaidi ya ugonjwa. Kila jioni walikuwa wamepiga magoti upande kwa upande, wakisema Baba Yetu kwa sauti moja, na moyoni mume alikuwa akiomba mkewe apone, huku mke akiomba mumewe apate mwanamke mwema atakayewalea watoto watano. Katika chumba kimoja, kwa Mungu mmoja, mmoja aling'ang'ania na mwingine alikuwa anaaga. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Tunawafundisha watu wetu kwamba wanandoa waombao pamoja hukaa pamoja, na ni kweli, lakini kuomba pamoja kunahitaji kwanza kuwa wote wawili wanajua wanaomba kuhusu nini. Sala ya nyumba ile ilikuwa imegeuka pazia. Kila mmoja alijificha nyuma yake ili mwenzake asimwone akiogopa.

Alhamisi iliyofuata niliwaomba msamaha, kisha tukasoma Zaburi ya 88. Niliichagua kwa sababu karibu zaburi zote za maombolezo hugeuka mwishoni zikaingia katika sifa, na hii haigeuki. Inaishia gizani, na hata hivyo imo katika kitabu cha sala. Mwalimu, aliyekuwa ameamini kwamba kulalamika ni kukosa imani, aliisoma mara mbili. Hapa Bukavu tunamkumbuka askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996, kwa usemi wake kwamba kuna mambo yasiyoonekana vema ila kwa macho yaliyolia. Nilizoea kuusikia usemi huo katika mahubiri ya vita. Siku ile niliuelewa upya ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Tangu hapo sala yao ilifupika. Mwalimu alinunua daftari la shule akalipiga mistari: tarehe, siku ya ngapi tangu dozi, joto la asubuhi na la jioni, alichokula Mama, na mstari mmoja wa mwisho wa sala ya siku. Nimelishika daftari hilo. Siku ya tatu baada ya dozi ya nne imeandikwa: “Ametapika mara sita. Bwana, maji yabaki tumboni.” Siku ya kumi na saba: “Amekula bugali na sombe. Asante.” Wiki ya kwanza ilikuwa ya kutapika, ya pili ya kuogopa homa, na ya tatu Mama aliipa jina la “wiki yangu”, ndiyo waliyokubaliana wageni waje, watoto wacheke, na mambo mazito ya nyumba yaamuliwe. Yule jirani wa meza ya pili alikuwa mgeni wa kwanza kuitwa. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini mtu akiambiwa asubiri bila kujua anasubiri mpaka lini, anachoka. Siku 21 zinabebeka. Baada ya hizo zinaanza nyingine 21.

Kuhusu jamaa nitasema machache. Kaka zake Mwalimu walimshauri amrudishe mkewe kwa wazazi wake apumzike, nao walijua na yeye alijua maana ya kupumzika huko. Aliwajibu kwamba ng'ombe walitolewa kwa ajili ya mwanamke mzima na mgonjwa pia. Hawakurudia shauri hilo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba aliyeanguka alikuwa Mwalimu, tena wakati mambo yalipoanza kuwa mepesi. Dozi ya nane ilitolewa tarehe 10 Juni 2024, daktari akaridhika na jinsi uvimbe ulivyopungua, na mwanaume yule aliyekuwa amepika, amefua, amesafisha matapishi na kufundisha darasa la watoto wengi kwa nusu mwaka, aliacha kuja misani. Jumapili tano. Aliponiambia sababu, alisema hana hasira wala dhambi. Hana kitu, ndani ni patupu kama sufuria iliyokwanguliwa. Wauguzi tunaijua hali hiyo kwa wanaouguza, huwapata mara nyingi hatari inapopungua, kwa kuwa mwili uliokuwa umejikaza unalegea. Wajumbe wenzangu wawili walitaka akemewe. Nilipinga, na bado naona nilikuwa sahihi. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo huduma bora waliyompa. Matatizo yao yalianza walipofungua vinywa. Mzee mmoja wa shirika, fundi seremala aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita, alikwenda kwake kila Jumamosi, wakatengeneza pamoja mabenchi ya nyumba, na kwa kadiri ninavyojua hawakuzungumza habari za Mungu hata mara moja. Akina mama walichukua zamu ya maji na ya kufua. Na jioni, Mama ndiye aliyesali kwa sauti, akimtaja mumewe kwa jina, naye amekaa tu kimya pembeni. Mgonjwa alimbeba mzima kwa muda wa wiki tano.

Kabla ya upasuaji wa Julai, Mama aliomba Mpako wa Wagonjwa. Padri alipoonekana akiingia nyumbani kwao wanawake wa jirani walianza kulia, kwa kuwa mtaani bado inaaminika kwamba mafuta hayo ni ya kuaga. Padri aliwaeleza palepale uani kwamba ni sakramenti ya mtu anayeugua sana apate nguvu, na kwamba mtu anayekwenda kupasuliwa anaihitaji akiwa na akili zake. Titi liliondolewa pamoja na tezi za kwapa. Oktoba walikaa Kigali wiki tatu kwa mionzi, siku tano kila wiki, mara kumi na tano kwa jumla, wakilala kwa jamaa Nyamirambo. Aliporudi alipewa vidonge vya tamoxifen, miligramu 20 kila siku kwa muda usiopungua miaka mitano, kwa kuwa saratani yake ni ya aina inayolishwa na homoni. Aliambiwa pia asibebe mizigo kwa mkono wa kushoto, kwani tezi zikiondolewa maji ya mwili hukosa njia na mkono huvimba. Kwa mwanamke ambaye maisha yake yote yalikuwa ndoo ya samaki, sharti hilo lilimwumiza kuliko kovu.

Tarehe 11 Februari 2025, Siku ya Wagonjwa Duniani, alisimama parokiani kati ya wagonjwa wengine. Siku chache tu baadaye vita viliingia mjini. Mabenki yalifungwa, mshahara wa Mwalimu ukakwama, na katika kopo vilikuwa vimebaki vidonge kumi na tisa. Daftari la siku hizo linasomeka kwa shida. Kila jioni idadi ya vidonge imeandikwa mahali pa joto la mwili, na mstari wa sala ni neno moja, “Kesho”. Vilipokwisha alikaa siku sita bila dawa, na sitasema kwamba waliyapokea hayo kwa utulivu. Mwalimu aliandika siku ya nne: “Bwana, umetutoa mbali ili utuache hapa?” Siku ya saba rafiki yule wa meza ya pili alivuka Ruzizi kwa miguu akarudi na makopo mawili, aliyoyanunua kwa pesa zilizochangwa na shirika na kutumwa kwa simu.

Wanashirika kadhaa wamemwomba Mama atoe ushuhuda mbele ya watu kwamba Mungu amemponya. Amekataa, na mumewe amemuunga mkono. Anasema hajui kama amepona. Daktari naye hajasema amepona, amesema tu kwamba kipimo cha Agosti 2025 hakikuonyesha kitu. Akiulizwa basi Mungu amemfanyia nini, hujibu kwa Mashi, akimtaja Nyamuzinda, yaani Mungu, kwamba hajawahi kuwa peke yake tangu ile siku ya tatu wodini. Baadhi ya wajumbe wenzangu wanaona jibu hilo ni dogo. Mimi nimewaona watu wengi wakifa na wengi wakipona, na silioni dogo.

Sasa anauza tena, saa chache, binti wa kwanza akimbebea ndoo kabla ya kwenda shule. Daftari ni la tatu. Nilipowatembelea Alhamisi iliyopita niliona kwamba mstari wa mwisho wa kila siku hauko tena katika mwandiko wa Mwalimu. Wa siku hiyo ulisema: “Nimeuza ndoo moja na nusu. Mkono umevimba kidogo. Papa amecheka.”